Ada za Nyumba Zilizosafiri: Habari ya Bukene na Waliotoka Bukene



Tumeletewa maswali na vijana wetu walioko ng'ambo. Wengine wako masomoni, wengine kazini, na wengine wamezaliwa huko huko, hawaijui nchi hii ila kwa kusimuliwa. Kila mmoja ameliuliza kwa namna yake, lakini swali lao ni moja: zile ada za dini tulizozikuta kwa wazee wetu nyumbani, tuzifanyeje ugenini? Tungeweza kuwajibu kwa hukumu, na hukumu zimo vitabuni. Leo tumeona bora tuwajibu kwa tarehe, kwa sababu sisi watu wa bara ya magharibi si wageni wa jambo hili. Uislamu wenyewe ulitufikia ukiwa mizigoni mwa watu waliokuwa ugenini.

Tutachukua mfano wa Bukene. Bukene ni mji mdogo katika Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, kaskazini ya mji wa Tabora, penye stesheni ya reli iendayo Mwanza. Msafiri huuona kwa dirishani: maduka, miembe, majaruba ya mpunga wakati wa mvua, msikiti, kisha garimoshi hushika njia ya Isaka na mji ukabaki nyuma. Waandishi wa tarehe hawakujishughulisha nao sana. Kalamu zao zilikomea Tabora na Ujiji, walikokaa wakubwa. Lakini mila haikai kwa wakubwa peke yao, na aghalabu nyumba ndogo ndiyo ihifadhiyo kitu kilichokwisha potea katika jumba.

Kabla ya Mwarabu yeyote kuweka makao Unyamwezi, Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Njia ile waliipasua wao. Ilipofika katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Kiomani na wa mwambao walikuwa wamekwisha kujenga Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa na siku 134 tangu waliposhika safari pwani, na aliyewapokea na kuwakirimu alikuwa Snay bin Amir, Mharthi kutoka Oman. Siku 134, ndugu zetu! Na huko nyuma ya pwani kulikuwa na bahari nzima ya kuvuka kabla Mharthi huyo hajauona mji wa wazazi wake. Hakuuona tena. Aliuawa katika vita baina ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mnwa Sele, yapata mwaka 1861, huko huko bara.

Kutoka Tabora njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hata Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Manyema. Nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na hii ndiyo iliyozifungua kwa biashara nchi za upande wa Bukene. Kwa njia hizi walikwenda watu wa namna mbalimbali, na sasa tuangalie walikwenda na nini.

Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Juni 1871, aliandika kwamba Waarabu wa pale huletewa kila mwaka kutoka pwani kahawa, chai, sukari na viungo, na kwamba karibu na nyumba zao wamelima ngano na vitunguu. Ukisoma habari hiyo waona dhahiri kuwa walitaka nyumba ya Oman isimame Unyamwezi na mlango wake na jiko lake. Twamwelewa mtu wa namna hiyo. Kila msafiri huanza na tumbo. Lakini baada ya miaka mia, ni kipi katika hivyo kilichobaki? Ngano ya Waarabu haikuwa chakula cha Bukene. Watu wanakula wali na ugali. Lugha ya Kiarabu ilitoka vinywani mwa wajukuu, wakawa wanasema Kiswahili na Kinyamwezi, na Kiarabu kikabaki cha sala na msahafu. Hata madhehebu yalibadilika. Wazee wale walikuwa Maibadhi, huswali wakiiachia mikono. Watoto wao walisomeshwa na walimu kutoka mwambao, ambao ni Mashafii, na wengi wakaifunga mikono. Imetokea katika nyumba nyingi baba na mwana wakasimama safu moja, mmoja ameachia na mmoja amefunga, wala hakuna aliyemtoa mwenziwe msikitini. Twawaomba vijana wenye haraka ya kutoa watu msikitini walitie jambo hili akilini.

Kilichobaki ni kingine. Ilibaki sala tano, ikabaki saumu, ikabaki namna ya kuoa na kuzika, kumwadhinia mtoto sikioni anapozaliwa, kumpeleka chuoni akifika umri, kutoa salamu kabla ya kuingia, kukusanyika usiku wa kuamkia Ijumaa. Mambo haya hayahitaji mpagazi. Na ukichunguza ni nani aliyeyabakiza, hutamkuta Mharthi wala Mmurjebi. Utamkuta mwanamke wa Kinyamwezi.

Wageni wale wengi wao walikuja bila wake. Walioa hapa hapa. Muhammed bin Juma, babake Hamed bin Muhammed el-Murjebi ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Huo ni mfano wa wakubwa, na wadogo walifanya vivyo hivyo. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya namna hiyo alisikia lugha ya mama kabla ya lugha ya baba, na baba mwenyewe alikuwa safarini sehemu kubwa ya mwaka. Basi ni nani aliyemwamsha mtoto huyo alfajiri? Ni nani aliyemfundisha kutawadha? Mama ambaye yeye mwenyewe alisilimu ukubwani, akajifunza Fatiha kwa taabu, ulimi wake ukiwa haujazoea herufi zile, kisha akamfundisha mwanawe kama alivyoipokea. Tumewahi kuwasikia wanazuoni wakiwacheka bibi hawa kwa matamshi yao. Wangewashukuru ingekuwa bora zaidi, maana laiti si wao wasingekuwa na wa kumcheka.

Na jambo hili lina asili katika dini yetu. Qurani Tukufu, katika sura ya Baqara, inatusimulia habari ya Nabii Yaakub alipofikwa na mauti, akawakusanya wanawe na kuwauliza watamwabudu nani baada yake. Twasoma habari hiyo mara nyingi na kusahau mahali ilipotukia. Yaakub alikuwa Misri. Alikuwa mzee mgeni katika nchi ya watu, amehamia na wanawe na wajukuu kumfuata Yusuf, na wanawe walikuwa wameshiba ngano ya Misri. Hakuwauliza watalima nini wala watasema lugha gani. Kadhalika Jaafar bin Abi Talib, aliyehamia Habasha yapata mwaka 615 na wenziwe, akakaa huko mpaka mwaka wa saba wa Hijra, yaani mwaka 628. Yapata miaka 13! Mwanawe Abdullah alizaliwa huko Habasha, ugenini, kwa mama yake Asma binti Umays, na alipoletwa Madina hakuwa mgeni wa dini hata kidogo. Alilelewa katika Uislamu na watu wachache, katika nchi ambayo mfalme wake na watu wake walikuwa Wakristo, na aliyatoa wapi malezi hayo ila nyumbani?

Hapana budi sasa tuseme neno ambalo katika mimbari za kwetu hupendwa kurukwa. Njia ile ya msafara ilipitisha pembe, na ilipitisha watu. Walitekwa na kununuliwa Manyema na kwingineko, wakafungwa minyororo, wakatembezwa mpaka Ujiji na Tabora, na wengine mpaka pwani. Waliokuwa wakifanya hivyo, wengi wao walikuwa ni wale wale waliotulia kwenye mikeka yao wakiomba Mungu. Hatuwezi kuwasifu kwa msala na kunyamaza juu ya mnyororo. Utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922, na wako wazee tuliowakuta hai ambao mama zao walikuwa watumwa. Miembe iliyopandwa kando ya njia ile ingalipo, na mwaka 2006 nchi yetu iliitia njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia inayopelekwa UNESCO, ikiwa njia ya pembe na ya watumwa pamoja.

Basi tazameni hekima ya Mwenyezi Mungu: hawa walioletwa kwa nguvu, ambao walinyang'anywa nchi na wazazi na hata majina, ndio waliokuja kuwa nguzo za dini katika miji hii. Tarika ya Qadiriya ilipofika Tabora mwishoni mwa karne ya 19, kutokana na mafundisho ya Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, waliijaza watu wa asili ya Manyema na Wanyamwezi wa kawaida, ambao baraza za wakubwa hazikuwa na nafasi kwa ajili yao. Katika halka ya dhikri aliyekuwa mtumwa alisimama bega kwa bega na aliyekuwa bwana. Mtu huyu hakuwa na ada ya babu yake ya kuitunza ugenini, ilikuwa imekatwa. Alianza upya, na hicho alichokianza wajukuu wake wanakiita leo ada ya wazee.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ile ya Mwanza ilimalizika mwaka 1928. Mpagazi akapumzika. Bukene ikapata stesheni, na kando ya stesheni maduka, na nyuma ya maduka nyumba za familia zilizochanganya damu ya Oman, ya Unyamwezi, ya Manyema na ya mwambao. Katika moja ya nyumba hizo tulilelewa sisi, katika miaka ya sabini ya karne iliyopita, na kwa kuwa habari tunayotaka kuieleza ni ya nyumba hiyo, mtatuvumilia tukiingia ndani kidogo.

Nyumba ilikuwa ya bibi yetu, mzaa baba. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha, ubani ulitiwa kwenye chetezo, mkeka ukatandikwa, na watoto wote wakaitwa, pamoja na wa jirani. Bibi hakujua kusoma msahafu kwa macho. Aliisoma Yasini kwa moyo, nasi tukimfuata. Ikimalizika, alianza kuwaombea marehemu wa nyumba ile, mmoja mmoja, kwa jina lake na jina la babake. Alianza na waliokufa karibu akarudi nyuma: watoto waliofariki wachanga, kaka aliyekufa vitani Burma na asijulikane kaburi lake, mababu, mpaka wale wa msafara. Ilikuwa orodha ndefu. Sisi watoto tulisinzia, na mkono wake ulitugusa bila ya sauti yake kukatika.

Katika orodha hiyo lilikuwamo jina la mwanamke mmoja ambaye hakuwa wa ukoo wowote kati ya koo zetu. Aliletwa utotoni kutoka Manyema, akanunuliwa na nyumba ile, na alipokuwa mtu mzima alimnyonyesha babu yetu, maana mama yake mzazi hakuwa na maziwa. Kwa sheria ya dini yetu, kunyonya huharimisha kama nasaba. Basi alikuwa mama yake. Babu alimwachia bibi wasia kwamba katika kila dua jina la mwanamke huyo litangulie jina la baba yake yeye. Bibi hakuukiuka wasia huo hata wiki moja.

Kisha zikaja nyakati za watu kuondoka. Zanzibar ilipinduka Januari 1964, na huku bara lilikuja Azimio la Arusha mwaka 1967, majumba ya kupangisha yakataifishwa mwaka 1971, na mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili pawekwe ya ujamaa. Kwa upande wa pili, Oman ilipata mtawala mpya, Sultan Qaboos, tarehe 23 Julai 1970, naye aliwaita Waomani waliotawanyika duniani warudi kuijenga nchi. Watu wa miji midogo ya bara wenye nasaba ya huko, wakiwamo wa Bukene, Nzega na Tabora, wakaanza kufunga mizigo. Hatutaki kuhukumu hapa nani alitendewa vyema na nani vibaya. Twataka kuonyesha tu kwamba safari ile ile ya siku 134 ilirudiwa kinyumenyume, na wajukuu wa waliokuja na msala sasa wakaondoka nao.

Na wakaondoka na kitu kingine, ambacho babu zao hawakuja nacho. Walipofika Muscat waliitwa Wazanzibari, hata yule ambaye hajapata kuiona Zanzibar wala bahari yake. Kiarabu kilikuwa kizito vinywani mwao. Waliohesabiwa Waarabu Bukene wakawa Waswahili Uarabuni, na nyumbani mwao wakasema Kiswahili, wakapika vyakula vya huku, wakasomeana Qurani kwa tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyochapwa Nairobi mwaka 1969. Tafsiri hiyo ya Kiswahili ikisomwa katika nchi ya Waarabu ni jambo la kushangaza kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sheikh Farsy mwenyewe alikuwa mtu wa njia hiyo: alizaliwa Unguja mwaka 1912, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akafariki Oman mwaka 1982.

Shangazi yetu aliondoka Bukene na watoto wake mwaka 1977. Mama yake alibaki. Simu hakuna, barua zikichukua miezi. Mwaka 1983 alitokea msafiri mwaminifu anayekwenda Muscat, na bibi akasema hana cha kumpelekea mwanawe ila sauti. Redio kaseti ikaazimwa dukani, betri zikatafutwa mji mzima, maana mwaka ule kila kitu kilikuwa adimu, na sisi wenyewe, tukiwa mwanafunzi wa umri wa miaka 14, ndiye tuliyekaa karibu ya mkeka kubonyeza kitufe. Ilikuwa Alhamisi. Bibi akasoma kama alivyokuwa akisoma Alhamisi zote. Kaseti ikaenda zake, nasi tukaisahau.

Miaka kumi ikapita. Sisi tukaenda chuo, tukasoma, tukarudi Bukene tukiwa na shahada na kifua mbele. Mwaka 1994 mjukuu wa bibi, mtoto wa shangazi, akaja kututembelea. Alikuwa kijana mwema mwenye dini, na amefundishwa huko kwamba mkusanyiko ule wa Alhamisi hauna asili, kwamba Mtume (s.a.w.) hakuufanya wala sahaba zake. Akamweleza bibi kwa adabu. Bibi akatugeukia sisi, msomi wa nyumba, aone tutasema nini.

Tulikuwa na la kusema. Tulikuwa tumesoma kwamba hitilafu juu ya mambo haya ni ya kale. Kwamba juu ya Maulidi, Taj al-Din al-Fakihani wa madhehebu ya Malik, aliyefariki mwaka 734 wa Hijra, aliyapinga, na Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911, alimjibu na kuyajuzisha. Tulikuwa tumesoma kwa Imam Nawawi kwamba dua kwa maiti na sadaka humfaa kwa makubaliano ya wanazuoni, na kwamba hitilafu iko katika thawabu ya kisomo. Tulijua kuwa katika sura ya Hashri Mwenyezi Mungu amewataja kwa wema watu wanaokuja nyuma na kuwaombea msamaha ndugu zao waliowatangulia katika imani. Kutenga usiku mmoja na kuuona ni wajibu, hilo linajadiliwa. Kumtaja aliyekufa na kumwombea, hilo halina mjadala. Haya yote tuliyajua. Tukanyamaza. Tuliogopa kuonekana na binamu yetu kuwa ni wasomi wa zamani. Bibi akatutazama kidogo, akasema, "Haya wanangu, mmesoma," akakunja mkeka.

Hakuutandika tena siku za Alhamisi. Aliendelea kuomba peke yake chumbani, kimoyomoyo. Akafariki mwaka 1998.

Tulipomaliza kuzika, mzee mmoja wa mji aliuliza ni nani sasa atakayewataja wazee wa nyumba hii. Tukakaa ndugu wote kuandika orodha. Kila mmoja alikuwa na majina yake machache. Tulipoyakusanya hayakufika ishirini. Jina la yule mama wa Manyema hapana aliyelikumbuka. Sisi tuliosikia jina hilo kila wiki kwa miaka zaidi ya kumi tulikuwa tumelisahau, na hatukuwa na wa kumlaumu. Hatukuwa ugenini. Tulikuwa Bukene, katika nyumba ile ile, chini ya bati lile lile.

Tumeieleza habari hii kwa sababu wengi hudhani ada za dini hupotea ng'ambo, na nyumbani hujitunza zenyewe. Mwaka 2011 Mwenyezi Mungu alituwezesha kufika Muscat. Shangazi alikuwa mzee sana, haoni vizuri. Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, wajukuu wake wakaketi, akaomba aletewe sanduku lake, na ndani ya sanduku, katika kitambaa, imo kaseti. Walikuwa wameisikiliza kila Alhamisi tangu mwaka 1983. Waliozaliwa Muscat, ambao Bukene hawakuiona, waliijua Yasini kwa sauti ya bibi, pamoja na pale alipokohoa, na jogoo anayewika ovyo usiku karibu na mwisho wa sura, na wanapofika hapo watoto hutazamana na kutabasamu. Binamu yetu, yule yule wa mwaka 1994, ndiye aliyeitia kaseti katika mashine. Alikuwa na mvi. Alituambia kwamba aliporudi safari ile alitaka kumweleza mama yake aliyomweleza bibi, na mama yake akamwambia, "Wewe omba unavyojua. Mimi huyu ni mama yangu anasema." Tangu hapo akakaa akisikiliza.

Majina yakaanza. Tulitoa kalamu. Walikuwamo watoto wachanga, na yule wa Burma, na mababu. Na kabla ya jina la baba yake babu yetu, likatoka wazi jina la mama wa Manyema, na jina la babake baada yake, jina la Kimanyema ambalo hatukujua kama alipata kuwa nalo. Mtu aliyenyang'anywa nchi yake alikuwa akitajwa na jina la baba yake katika mji wa Muscat. Binamu yetu alilia, nasi tulilia.

Vijana waliotuuliza wataona kwamba hatukuwaambia wachukue hiki waache kile. Yako mambo ya faradhi, hayo hayana nyumbani wala ugenini. Katika yaliyobaki, aliye mbali na akiba ndogo aanze na kile ambacho watu wake walikifanya pamoja kwa jina la Mwenyezi Mungu, na akiandike. Ramadhani ya Muscat na ya Bukene huenda zikaanza siku mbalimbali kwa kuhitilafiana kuonekana mwezi, na mchana wa Muscat hurefuka na kufupika kwa majira, hali wa Bukene ni karibu sawa mwaka mzima. Saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Haidhuru. Siku hizi simu zipo, na wajukuu wa shangazi hutupigia wakati sisi tunangoja adhana na wao wamekwisha futuru, wakituuliza tumepika nini.

Orodha sasa imeandikwa katika daftari mbili, moja Bukene na moja Muscat, na husomwa kila Alhamisi huku na huko. Haikukamilika. Upande wa kwanza wa kaseti ulikwisha bibi akiwa bado anataja, na sisi, mtoto wa miaka 14, hatukutambua kuwa mkanda umesimama. Alipoambiwa, alisema basi, hao wengine Mungu anawajua. Upande wa pili mtu fulani alirekodi taarabu. Jina la mwisho linasikika nusu: "binti Ma...", kisha mlio wa kitufe. Katika daftari zote mbili limeandikwa hivyo hivyo, nasi tukifika hapo tunamwombea binti Ma.